Mtepe katika Mkondo wa Lamu: Uchambuzi wa Kazi ya Mwisho ya Mwanafunzi wa Uhuishaji na Athari za Picha

Usuli wa kisa

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa stashahada ya uhuishaji na athari za picha aliyelelewa kisiwani Lamu, akasomea mbali na kwao, kisha akarudi nyumbani kutekeleza kazi ya mwisho ya kozi. Jina lake, jina la chuo na majina ya wote waliomsaidia yameondolewa, na maelezo machache yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa. Mimi nilikuwa msimamizi wa kazi hiyo. Ninaiandika kwa kirefu kwa sababu matatizo yake makubwa yalizaliwa ufukweni, siku ya kupiga picha, ingawa yote yalijitokeza baadaye kwenye skrini yakiwa na sura ya matatizo ya kompyuta.

Sharti la kazi lilikuwa kupiga picha moja ya video mahali halisi, kutengeneza kitu kimoja kwa kompyuta, na kukiingiza kitu hicho katika picha kiasi kwamba mtazamaji asione kiungo. Mwanafunzi alichagua mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa: mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya misumari, na tanga lake lilikuwa la mraba, lililosukwa kwa miyaa, yaani majani ya kusukia mikeka. Vyombo hivyo vilijengwa na kuendeshwa na watu wa visiwa vya Lamu, Wabajuni hasa, na vilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kilichobaki ni mifano ya makumbusho, michoro na picha chache za zamani. Kwa fani yetu hilo ni chaguo bora kuliko majoka na vyombo vya angani ambavyo wanafunzi wengi huvikimbilia, maana hapa kompyuta ina kazi ambayo hakuna njia nyingine ya kuifanya: chombo hakipo, wala hakiwezi kukodishwa kwa siku moja.

Mpango wa awali ulikuwa picha ya sekunde 40, kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Mtepe ungeingia kutoka upande wa kijiji cha Shela, tanga likiwa limejaa, upite mbele ya mji wa Lamu ukielekea kutia nanga. Maji yote yanayouzunguka yangetengenezwa ndani ya Blender, programu ambayo tangu mwaka 2002 imekuwa huria na haihitaji malipo. Mashine ilikuwa kompyuta mpakato moja yenye kadi ya michoro ya kiwango cha kati. Muda ulikuwa muhula mmoja, nao ulianza kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini-mashariki, ikiwa imeshika.

Mambo yalivyokwenda

Picha ya msingi, yaani video halisi ambayo mtepe ungewekwa juu yake, ilipigwa asubuhi kwa simu, mwanafunzi akiwa ndani ya mashua katikati ya mkondo baina ya kisiwa cha Lamu na cha Manda. Ilikuwa picha ya kupendeza. Jua la asubuhi lilipiga kuta za mji moja kwa moja, na mwendo wa mashua uliipa uhai. Alasiri ya siku hiyohiyo alirudi pwani kupiga picha za mwanga na kupima ngazi za ukuta wa ufuo, ili apate kipimo cha ukubwa wa vitu katika picha. Hakuandika saa, urefu wa kamera kutoka majini, wala hali ya upepo.

Baada ya hapo aliingia katika kujenga modeli, na kwa majuma kadhaa hakufanya jingine. Modeli ilikuwa nzuri kweli. Kila mshono wa kamba ulichongwa peke yake, ukipita katika tundu lake, na omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, lilifuata michoro ya zamani kwa uaminifu. Ubaya ni kwamba faili lilikuwa zito mno, na muda wote huo picha ya msingi haikuwa imejaribiwa.

Ilipojaribiwa, ilikataa. Ili kitu cha kompyuta kikae mahali pake katika picha inayotikisika, programu hutafuta alama zinazoonekana katika fremu nyingi mfululizo, na kutokana na jinsi alama hizo zinavyosogea hukokotoa kamera ilikuwa wapi na ilielekea wapi katika kila fremu. Alama hizo lazima ziwe za vitu visivyosogea. Theluthi mbili za fremu zilikuwa maji, na programu ilichagua mimeto ya mawimbi, ambayo kila mmoja huzaliwa na kufa ndani ya fremu chache. Zaidi ya hayo, simu ilirekodi kwa kasi inayopanda na kushuka, tena ilikuwa ikituliza mtikisiko kwa kukata na kupinda kila fremu, kwa hiyo hata kuta za mji hazikuwa na umbo lilelile kutoka fremu moja hadi nyingine. Kosa la wastani lilizidi pikseli 8, ilhali kazi ya namna hii hutaka lishuke chini ya pikseli 1. Mwanafunzi aliyaziba maji kwa barakoa na kufuatilia majumba peke yake, na hapo mji ukatulia. Mtepe, uliotakiwa kuwa karibu na kamera, ukaendelea kuteleza juu ya maji, kwa sababu majumba ya mbali hayasemi lolote la kutegemewa kuhusu kamera iliyosogea hatua mbili tatu ndani ya mashua.

Wakati huohuo jaribio la maji ya kompyuta lilionyesha kwamba fremu moja huchukua dakika 20 kurenda, yaani kompyuta kukokotoa picha yake ya mwisho. Fremu 960 kwa dakika 20 ni saa 320, yaani zaidi ya siku 13 mashine ikifanya kazi bila kuzimwa. Aliamua kurenda kipande kifupi usiku, moja kwa moja kuwa faili la video. Umeme ukakatika, betri ikaisha, na asubuhi faili halikufunguka.

Tukio lililobadilisha mwelekeo wa kazi halikuhusu mashine. Mwanafunzi alimwonyesha nahodha mmoja mtu mzima jaribio la sekunde chache, akiuliza tu kama umbo la chombo linafanana na alivyosimuliwa na wazee wake. Nahodha alitazama mara mbili, kisha akasema: «Mwanangu, chombo umekitengeza vyema. Lakini upepo huu ni kaskazi, bendera ile pale yakwambia. Mtepe hichi chaingiaje ndani na tanga limejaa?» Mwanafunzi akajibu, «Nimefahamu, babu,» akaniletea swali hilo usiku uleule.

Maamuzi na sababu zake

Swali la nahodha linahitaji kuelezwa kwa utaratibu, maana ndani yake mna hitilafu ya fizikia ambayo mimi na mwanafunzi tulikuwa tumeitazama kwa siku nyingi bila kuiona. Mji wa Lamu unatazama mashariki, kuelekea Manda, na mkondo unashuka kusini hadi Shela, ulipo mlango wa bahari. Chombo kinachotoka Shela kuja mjini kinaelekea kaskazini. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Mashua na jahazi, kwa tanga lao la pembetatu, zinaweza kwenda joshi, yaani karibu na upande utokako upepo, au kubisha huku na huku, zikapanda dhidi ya upepo. Tanga la mraba la miyaa halina uwezo huo kwa kiwango hicho. Nguvu yake ni upepo unaotoka nyuma. Katika picha ile bendera za pwani zilivutwa kushoto, na tanga la mtepe lilituna kulia. Pepo mbili zinazokinzana katika fremu moja! Mtazamaji asiyejua bahari asingeweza kutaja kosa, lakini angehisi kwamba chombo kimebandikwa.

Njia tatu zilikuwapo. Ya kwanza ni kusubiri kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ivume na kupiga picha upya, nayo ilivuka mwisho wa muhula. Ya pili, aliyoipendekeza mwanafunzi mwenyewe, ni kuigeuza picha ya msingi kama inavyoonekana kwenye kioo, ili bendera zivutwe upande wa pili. Kihesabu lingefaa. Lakini mji ungegeuka pamoja na bendera, na hakuna mtu wa Lamu ambaye asingegundua kwamba majumba ya pwani yamebadilishana nafasi. Maandishi ya ukutani nayo yangesomeka kinyumenyume. Niliikataa. Njia ya tatu ni kugeuza safari: badala ya kurudi nyumbani, mtepe uondoke mjini kuelekea Shela na bahari kuu, kaskazi ikiwa nyuma yake upande wa kushoto. Mwanafunzi aliipinga kwa siku kadhaa, kwa kuwa hadithi aliyoibeba moyoni ilikuwa ya chombo kinachorejea. Sikumshurutisha. Nilimwomba aulize vyombo vya zamani viliondoka Lamu msimu gani kwenda Mombasa na Unguja. Jibu linajulikana pwani nzima: viliondoka na kaskazi na kurudi na kusi. Hadithi ya kuondoka ilikuwa ndiyo hadithi ya msimu aliokuwa nao mbele ya kamera, na alipolikubali hilo aliikumbatia kikamilifu.

Kwa kuwa safari ilibadilika, na picha ya kwanza haikuweza kufuatiliwa, tuliamua kupiga upya. Safari hii kamera iliwekwa juu ya tripodi kwenye gati upande wa Manda, ikielekezwa magharibi kwenye mji. Kamera iliazimwa, kasi yake ilifungwa kwenye fremu 25 kwa sekunde, shata kwenye sehemu ya 1/50 ya sekunde, lenzi ikawa moja isiyobadilishwa, na kituliza mtikisiko kikazimwa. Kamera isiyosogea haihitaji kufuatiliwa kabisa, na kwa uamuzi huo mmoja tatizo lililomnyima mwanafunzi usingizi likatoweka. Hasara yake ni kwamba picha ilipoteza ule uhai wa kutikisika, na mwanafunzi alisikitika. Baadaye aliuongeza mtikisiko mdogo mwishoni, baada ya tabaka zote kuunganishwa, pale ambapo hauwezi kumtenganisha mtepe na maji.

Uamuzi ninaouthamini zaidi ulihusu maji, na ulitoka kwa mwanafunzi baada ya mazungumzo na nahodha. Alimwomba nahodha apite na mashua yake mbele ya kamera, kwa njia ileile ambayo mtepe ungepita, kuelekea Shela. Mashua hiyo ikawa mbadala. Iliacha nyuma yake mkuza halisi, yaani alama ya maji inayoachwa na chombo kinapopita, povu halisi na mwakisiko halisi, ililala upande kwa kiasi ambacho upepo wa siku hiyo ulitaka, na mwendo wake ulikuwa mwendo wa kweli wa chombo katika mkondo ule. Kisha mwanafunzi aliifuta mashua na kuweka mtepe mahali pake. Kwa kuwa mtepe ulikuwa mkubwa kuliko mashua, ubavu wake uliziba karibu yote. Vilivyobaki juu, yaani ncha ya foromali (mti unaobeba tanga) na pembe ya tanga, vilifutwa kwa kutumia picha safi ya mahali palepale iliyopigwa dakika chache kabla, jambo ambalo huwezekana kwa urahisi tu kamera ikiwa imesimama. Maji ya kompyuta yakapungua hadi ukanda mwembamba unaougusa ubavu wa chombo.

Siku hiyo alikuwa na karatasi. Aliandika saa, urefu wa lenzi na wa kamera kutoka majini, upande wa upepo, na hali ya maji. Hali ya maji ina uzito kuliko wageni wa mahali hapa wanavyodhani: wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 3. Katika jaribio la kwanza video ilipigwa maji yakiwa juu na ngazi zikapimwa maji yakiwa chini, kwa hiyo usawa wa bahari ndani ya kompyuta ulikuwa chini ya usawa wa bahari katika picha, na mtepe ulionekana umezama kupita kiasi. Mwanafunzi alikuwa akiuinua kwa macho, kidogo kidogo, bila kujua anasahihisha nini. Mwanga nao ulirekodiwa palepale, kwa kupiga picha tufe linalong'aa na tufe la kijivu lililoshikwa mbele ya kamera. Mbinu ya kuangazia kitu cha kompyuta kwa picha ya mwanga halisi ilielezwa na Paul Debevec mwaka 1998, na sharti lake la msingi ni kwamba mwanga urekodiwe mahali na wakati wa picha. Mwanga wa alasiri uliotumika mwanzoni ulikuwa ukitoka magharibi, nyuma ya mji, wakati kuta za mji zilikuwa zinawaka kwa jua la mashariki.

Urefu wa picha ulipunguzwa hadi sekunde 18. Fremu 450, kila moja ikichukua dakika 6 kwa kuwa sasa ni chombo peke yake kinachorendiwa, zikawa saa 45. Mishono ya mbali iligeuzwa kuwa tekscha, yaani picha bapa inayobandikwa juu ya modeli, na ile ya omoni tu, iliyokaribia kamera, ikabaki imechongwa. Kila fremu ilihifadhiwa kama faili lake katika umbizo la OpenEXR, lililobuniwa na kampuni ya athari za picha ya Industrial Light & Magic na kutolewa kwa umma mwaka 2003. Umeme ulikatika tena, na hasara ikawa fremu moja.

Matokeo

Kazi ilikamilika ndani ya muda na kufaulu vizuri. Watahini walisifu jinsi chombo kilivyokaa majini na ripoti iliyoeleza kila uamuzi. Walipunguza alama katika mambo mawili: tanga, ambalo walisema linapepea kama shuka la pamba, na mkuza, walioona ni mdogo kwa chombo cha ukubwa ule. Ukosoaji wote ulikuwa wa haki. Nahodha alipoonyeshwa kazi iliyokamilika aliuliza kuhusu usukani, akaambiwa jinsi ulivyochorwa katika picha za zamani, akaridhika.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kwamba maarifa ya nahodha yalichukuliwa kuwa data ya kiufundi. Wanafunzi wengi huwaendea wazee kutafuta hadithi na mapambo ya ripoti. Huyu alipata upande wa upepo, mwendo wa chombo, kiasi cha kulala upande na saa ya maji, vitu ambavyo vina nafasi yake ya kuandikwa ndani ya programu kama namba. Hata hivyo aliwaendea akiwa amechelewa. Kama jaribio lile la sekunde chache lingeonyeshwa likiwa bado ni masanduku mawili na mstatili wa tanga, kosa la upepo lingejulikana kabla ya picha ya kwanza kupigwa, kwa sababu nahodha hakuhitaji mishono ili kuliona.

Hilo linagusa mpangilio wa kazi. Modeli ilijengwa kwanza kwa kuwa ndiyo inayofurahisha, na kwa kuwa mtu anaweza kuifanya peke yake chumbani bila kumwomba mtu mashua. Lakini mtiririko wa kazi hii una viungo vinavyotegemeana, na kiungo dhaifu kilikuwa picha ya msingi. Ingefaa picha hiyo ijaribiwe siku ileile ilipopigwa, kwa kuweka sanduku tupu majini na kuona kama linatulia. Jaribio hilo huchukua jioni moja.

Lipo kosa jingine ambalo halikuonekana katika alama, nami nalieleza kwa sababu nimelikuta katika kazi za wanafunzi wengi. Katika jaribio la kwanza la kuunganisha tabaka, kamba za mtepe zilikuwa na ukingo mweusi. Mwanafunzi aliuondoa kwa kuzimega kingo, na kamba nyembamba zikatoweka pamoja na weusi. Chanzo kilikuwa hesabu. Thomas Porter na Tom Duff walieleza mwaka 1984 kwamba kila pikseli hubeba, pamoja na rangi, kiwango cha kufunika, na kwamba ni vizuri rangi ihifadhiwe ikiwa tayari imezidishwa kwa kiwango hicho. Kamba inayofunika nusu ya pikseli huhifadhiwa na nusu ya mwangaza wake. Programu ikidhani kwamba kuzidisha bado hakujafanywa, huzidisha tena, na kamba hubaki na robo. Robo hiyo ndiyo ukingo mweusi. Tiba ni kubadili mpangilio mmoja wa tabaka, na kamba zote hurudi. Mwanafunzi anayeondoa dalili kwa brashi bila kuuliza chanzo hupoteza sehemu bora ya modeli aliyoihangaikia.

Kuhusu mkuza, mbinu ya mashua mbadala ilikuwa na mpaka wake uliojulikana tangu mwanzo: chombo kidogo huacha mkuza mdogo. Ingewezekana kumwomba nahodha apite mara ya pili mita chache upande wa kamera, kisha mikuza miwili iunganishwe, kwani kamera ilikuwa imesimama na mwanga haukuwa umebadilika. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo tukiwa gatini.

Tanga lilishindwa kwa sababu nyingine. Uigaji wa kitambaa ndani ya Blender huanza na vipimo vinavyofaa pamba au hariri, na mwanafunzi aliongeza uzito tu. Miyaa iliyosukwa ina tabia tofauti: ni ngumu kupinda, hupinda kwa urahisi zaidi kufuata mshazari wa msuko kuliko kufuata miyaa yenyewe, huvujisha upepo katika matundu yake, na ikilowa huwa nzito na kulegea. Hakuna aliye hai anayeweza kueleza kwa kukumbuka jinsi tanga la mtepe lilivyotuna, lakini majamvi ya miyaa bado yanasukwa visiwani, na lipo paa bapa la nyumba kwa yeyote atakayeomba ruhusa. Jamvi moja lililofungwa pembe nne kwenye mti wa mlalo, likapigwa picha kaskazi ikivuma, likiwa kavu na kisha likiwa limelowekwa, lingempa mwanafunzi mwendo wa kulinganisha nao fremu kwa fremu. Mwanafunzi anayefuata atakayechukua faili la mtepe huu, ambalo mwenyewe amekubali ligawiwe, aanze na jaribio hilo kabla ya kugusa kitu kingine.